Yupo, Yuko, Yumo: Hoja za Kuwapo kwa Mungu Zikitazamwa kutoka Kilwa

Asubuhi moja ya bamvua, bahari ilipokuwa imekupwa hata miamba ikaonekana migongo yake, nilikuwa nimeketi dikoni hapa Kilwa Masoko nikingoja dau la kunivusha Kisiwani, na mbele yangu akina mama waliorudi kuchokoa pweza walikuwa wamejipanga kuelekea mizani ya karani wa mnunuzi. Mama mmoja wa makamo, nguo zake zikichuruzika maji ya chumvi, alipoambiwa kwamba pweza wake ni kilo sita, alijibu kwamba mkono wake mwenyewe umemwambia nane, karani akamwonesha mshale wa mizani, naye akamwonesha karani kidole kilichokuwa kimeinua kitako cha kapu kwa chini, na baada ya kimya kifupi akasema, bila ya kupaza sauti, "Andika, mwanangu, andika utakavyo. Mungu yupo."

Maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo ambayo wanafalsafa wa mataifa mengi wamejitaabisha kwa karne nyingi kuyasimamishia burhani, na mtu aliyezoea vitabu vyao angeweza kumwuliza yule mama ushahidi wake ni upi. Hapana aliyemwuliza. Karani mwenyewe, ambaye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuyakanusha, hakuyakanusha. Aliinamisha macho juu ya daftari kama mtu aliyetajiwa jina la jirani anayemjua. Nikawa nafikiri kwamba yamkini sisi wa pwani hii, tunapozisoma hoja za kuwapo kwa Mungu katika tafsiri, tunavaa kanzu iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine, tusitambue kwamba kitenzi tunachokitumia kimekwisha kuzigeuza hoja hizo kabla hatujaanza kuhojiana.

Hoja maarufu kuliko zote, na iliyo nyepesi kuingia akilini, ni ile ya kazi kumshuhudia mtendaji wake. William Paley, kasisi wa Kiingereza, aliiandika mwaka 1802 kwa mfano wa saa iliyookotwa nyikani. Mtu wa Kilwa hana haja ya saa, kwani anao Msikiti Mkuu wa Kisiwani. Aingiapo chini ya makuba yake, akaziona nguzo za pembe nane, na matao yanayofuatana, na chokaa iliyoshikana na matumbawe kwa mamia ya miaka, haimpitikii kabisa kwamba mawe hayo yalijipanga yenyewe kwa pepo za kusi. Hadi hapo hoja imesimama vizuri. Lakini magofu haya haya, kwa mwenye kuyatazama kwa kituo, yanatoa pia lile pingamizi ambalo Mskochi David Hume aliliweka katika kitabu kilichotolewa mwaka 1779 baada ya kufa kwake, kwamba kazi hutujulisha kuwa pana mtendaji, walakini haitujulishi ni nani, wala ni wangapi, wala kama alipata sawa mara ya kwanza. Sehemu ya kaskazini ya msikiti ndiyo kongwe, ya karne ya 11 au ya 12. Upanuzi mkubwa wa upande wa kusini unanasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yule ambaye msafiri Ibn Battuta alimkuta akitawala mwaka 1331. Na upanuzi huo ukaporomoka, ukaja kujengwa upya katika karne ya 15 kwa nguzo za namna nyingine. Mafundi walijaribu, wakakosea, wakarudia.

Ama mafundi hao walikuwa nani, hapo ndipo pana ibra kubwa zaidi. Kwa muda mrefu wageni waliozitazama kuta hizi walikata shauri kwamba sharti zilijengwa na watu waliotoka mbali, Shirazi au Arabuni, kwa kuwa hawakumdhania Mwafrika kuwa mwashi. Neville Chittick alipochimba, na kuyachapisha matokeo yake mwaka 1974, zilionekana chini ya mawe tabaka za mji mkongwe zaidi, wa nyumba za miti na udongo, na vyungu vya kienyeji, na mabaki ya uhunzi. Na wanachuoni waliokuja baadaye wakaona kwamba mji huu ulikua kutoka humu humu. Kisha, mwaka 2023, ukatolewa uchunguzi wa nasaba uliofanywa juu ya mifupa ya wakazi wa kale wa miji ya pwani, Kilwa ikiwamo, ukaonesha kwamba wengi wao walitokana na akina mama wa Kiafrika na akina baba ambao sehemu yao kubwa ilikuwa ya Kiajemi, mchanganyiko ulioanza karibu na mwaka 1000, hata wale waliokwisha kuzicheka hadithi za Washirazi wakalazimika kukohoa kidogo. Jengo moja, basi, limewapa watazamaji wa zama tatu wajenzi wa namna tatu. Ikiwa haya hutokea kwa jengo ambalo makaburi ya wenyeji wake yako hatua chache kutoka mlangoni, mwenye kuruka kutoka kwenye nyota hadi kwenye sifa za Muumba wake na aruke kwa hadhari.

Hoja ya pili ni ya sababu, nayo kwetu ina sura ya nasaba. Tarehe ya Kilwa, iliyotufikia kwa Kiarabu na kwa muhtasari wa Mreno João de Barros wa karne ya 16, humpandisha kila sultani kwa baba yake, na baba kwa babu, mpaka kwa Ali bin al-Hasan anayesimuliwa kuwa alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Na kutoka kwake hadi Shirazi, na baada ya Shirazi kimya. Katika Hatata, kitabu cha Kihabeshi kinachonasibishwa na Zera Yacob wa karne ya 17, ingawa wako wanaosema kwamba kiliandikwa na mtawa wa Kitaliano katika karne ya 19, mwandishi aliyejificha pangoni anajiuliza vivyo hivyo, nani aliyemfanya, na nani aliyewafanya wazazi wake, mpaka anafika kwa yule asiyefanywa na yeyote. Kila Mwafrika aliyewahi kutajiwa mababu zake usiku wa matanga anaijua njia hiyo kwa miguu yake. Tatizo lake nalo analijua, maana kila nasaba hukoma mahali fulani, na si kila mara ikomapo pana mwanzo. Aghalabu hukoma pale ambapo msimulizi amechoka, au ambapo heshima ya ukoo imekwisha kutimia.

Kwa sababu hiyo mimi huona kwamba Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikuwa na jicho kali zaidi kuliko wale wanakalamu, wanachuoni wa Kiislamu wa hoja za itikadi, waliotaka kwanza tukubali kwamba ulimwengu una siku ya kuzaliwa. Yeye hakuuliza nani alianza. Aliuliza kitu ambacho kingeweza kuwapo na kingeweza kutokuwapo kinashikiliwa na nini hivi sasa. Mtu aliye ndani ya dau katikati ya mlango wa Kilwa anaweza kusahau nani alilisukuma kutoka dikoni, na kusahau kwake hakudhuru kitu. Lakini kinacholieleza dau lile saa ile ile hakisahauliki. Na hapa Kiswahili kina bahati ambayo hakikuiomba, kwani kitenzi cha kukifanya chombo kielee ndicho kitenzi cha kuifanya habari ieleweke. Ulimwengu, kwa hoja ya Ibn Sina, unataka cha kuueleza kwa maana zote mbili.

Nimetaja wanakalamu, na ni haki niseme kwamba wao si wageni katika jambo la Kiafrika, ingawa waandishi wengi wa siku hizi, wanapotaja falsafa ya Kiafrika, huwa wanamaanisha watu wasiokuwa na vitabu, na hivyo wakaitupa nusu ya bara. Sifa ishirini ambazo watoto wa chuoni katika pwani hii hufundishwa kuzihesabu kwa vidole zilipata mpangilio wake mashuhuri kwa Muhammad bin Yusuf al-Sanusi wa Tilimsani, katika Aljeria ya leo, aliyefariki mwaka 1490, na kijitabu chake kiliitwa Mama wa Burhani. Sifa ya kwanza katika hizo ni wujudi. Neno hilo, kwa asili yake ya Kiarabu, latoka katika kukuta na kupata. Maujudi ni kilichokutwa. Mwalimu anapolifasiri kwa Kiswahili husema "kuwapo", wala hasiti, na watoto huimba. Nami niliimba pamoja nao miaka mingi kabla ya kutambua kwamba katika tafsiri hiyo moja tumevuka kutoka bara moja la fikira hadi jingine.

Kwa maana "kuwapo" ni kuwa mahali. Viambishi vyetu vitatu, po na ko na mo, vinagawana kazi hiyo kwa adabu kamili: yupo, mahali tunapopajua, yuko, mahali pasipo dhahiri, yumo, ndani. Mgeni akipiga hodi na kuuliza, "Baba yupo?" na mtoto akajibu, "Hayupo", hapana anayedhani kwamba mtoto amekanusha ya kuwa na baba; baba amekwenda shamba. Matokeo yake ni kwamba mkanamungu anayesema kwa Kiswahili "Mungu hayupo" anasikika, apende asipende, kama mtu anayetupasha habari kwamba Mungu ametoka kidogo. Ukijaribu kumwondolea mahali ukasema "Mungu ni", sentensi inabaki imening'inia hewani, na msikilizaji anangoja: ni nini, ni nani, ni mwema?

Jambo hili hawakuliona Waswahili peke yao. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu alichokitoa kwa Kifaransa mwaka 1956 juu ya falsafa ya Kibantu na Kinyarwanda, alivigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne yenye shina moja, la mtu, la kitu, la mahali pamoja na wakati, na la namna, kisha akasema kwamba Mungu hamo katika fungu lolote, kwa kuwa Yeye ndiye ayawekaye. (Sarufi yetu ina kichekesho chake hapa, ambacho nisingependa yeyote akijengee dini: Mungu kwa wingi ni miungu, kama mti na miti, lakini huenda kwa upatanisho wa mtu.) Kwasi Wiredu wa Ghana, aliyefariki mwaka 2022, alikwenda mbali zaidi. Katika lugha yake ya Kiakan, alisema, kuwapo ni kuwa pale, na asiye pale popote hasemeki. Kwa hiyo Mungu aliye nje ya kila mahali, aliyeumba kutoka pasipo kitu, ni fikira iliyoletwa kwa merikebu, ilhali Mungu wa Waakan wa kale alikuwa mjenzi mkuu aliye ndani ya ulimwengu wenyewe, aliyeutengeneza kutokana na kilichokuwapo. Wiredu hakuyasema haya kwa kejeli. Alitaka tuyafikirie kwa lugha zetu mambo tuliyoyakariri kwa lugha za wenzetu, na tuone yapi yanabaki.

Mimi namfuata Wiredu nusu ya njia. Kwamba kitenzi chetu kina mahali ndani yake, ni kweli. Kwamba hakiwezi kutoka humo, si kweli, maana hata mtoto wa darasa la kwanza husema kwamba kati ya tatu na tano ipo namba moja nzima, wala hajamtafutia nne kitongoji cha kukaa. Na Waingereza, ambao hawashutumiwi kwa kukosa falsafa, wanapotaka kusema kwamba kitu kipo hutanguliza neno lao la "pale" bila ya kujali. Wanachuoni wa Kiislamu wamehangaika na mahali kwa namna yao, hasa katika ile hadithi ya kijakazi aliyeulizwa na Mtume Mwenyezi Mungu yuko wapi, akajibu kwamba yuko mbinguni, na jibu lake likakubaliwa. Na waliosimama juu ya mafunzo ya mwanakalamu al-Ash'ari wakaifasiri kuwa ni utukufu na si makao. Mahali, basi, hapakuwa taabu ya Wabantu peke yao.

Lakini iko maana moja ya kuwapo ambayo sikuiona kwa Kagame wala kwa Wiredu, nayo, kwa rai yangu, ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Mtu akisimama mbele ya hakimu, au mbele ya wazee barazani, akasema, "Nilikuwapo", hakusema kwamba alikuwa hai siku hiyo. Amesema kwamba aliona, na ya kuwa yu tayari kuulizwa. Kuwapo ni kuhudhuria, na anayehudhuria ni shahidi. Ukiyasikiliza maneno ya yule mama kwa sikio hilo, utafahamu kwa nini karani hakutaka ushahidi wa kuwapo kwa Mungu: aliyetajwa alikuwa ndiye shahidi mwenyewe, na shahidi haulizwi kwanza kama yumo katika orodha ya vitu vya ulimwengu. Immanuel Kant, mwaka 1788, alifikia kitu kinachokaribia hapo alipoacha burhani za akili tupu na kumfanya Mungu kuwa sharti la uadilifu. Tofauti ni kwamba yeye alihitaji kitabu kizima, na Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuliweka jambo hilo katika silabi mbili.

Ziko hoja nyingine nitakazozipita upesi. John Mbiti wa Kenya, katika vitabu vyake vya mwaka 1969 na 1970, alikusanya majina na sifa za Mungu kutoka kwa mamia ya makabila, na wengi wakamsoma kana kwamba makubaliano hayo ni burhani. Okot p'Bitek wa Uganda aliwajibu wasomaji wa namna hiyo kwa kisa ambacho kila mfasiri angepaswa kukitundika ukutani: mwaka 1911 mapadri wa Kitaliano waliwauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba, na kwa kuwa lugha haikuwa na neno hilo, swali likafika kwao kama nani aliyewafinyanga, wazee hawakuwa na jibu, ila mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyepinda mgongo kwa kifua kikuu cha uti husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga, akalitaja jina hilo, na mapadri wakaliandika kuwa ndilo la Muumba. Sisi hatuna haki ya kucheka sana. Kuumba kwetu nako kwatoka katika kazi ya mfinyanzi, na udongo ungalipo mikononi mwa neno hilo ingawa mwalimu hutufundisha kwamba hapakuwa na udongo.

Hoja iliyonistaajabisha zaidi niliikuta katika mazungumzo ya Henry Odera Oruka na wahenga wa Kenya, yaliyotolewa kitabuni mwaka 1990. Mzee wa Kijaluo, Paul Mbuya Akoko, anasema humo kwamba Mungu sharti awe mmoja kwa watu wote, kwani kama kila taifa lingekuwa na wake, ulimwengu ungeharibika kwa kugombaniwa. Mwanafunzi yeyote wa ilmu ya kalamu ataitambua hapo hapo burhani ya kuzuiliana, ambayo wanachuoni waliijenga juu ya aya ya Sura ya Manabii. Mtu anaweza kudai kwamba mzee aliipata kwa wamishionari. Mimi naona ni rahisi zaidi kusadiki kwamba aliwahi kuona boma lenye wakubwa wawili.

Sasa imebaki habari ya Mungu asiyekuwapo, na hii ni ya Kilwa hasa. Wayao, ambao misafara yao ilishuka Kilwa Kivinje katika karne ya 19 ikiwa imebeba pembe na kuswaga watumwa, husimulia kwamba hapo kale Mulungu aliishi duniani na wanyama wake, mpaka siku kinyonga aliponasa katika mgono wake viumbe wawili wageni, mwanamume na mwanamke. Viumbe hao walijifunza moto, wakauchoma msitu, wakawaua wanyama, na Mulungu, kwa kuuchukia ukatili huo, akapanda juu kwa uzi wa buibui. Tazama kwamba kisa hiki hakina shaka hata chembe ya kuwako kwa Mulungu. Kina huzuni ya kutokuwapo kwake. Yuko, ila hayupo. Lugha nyingi za Ulaya zingehitaji ukurasa kuyaeleza hayo, na pengine zingeyaona ni kujipinga.

Na si mbali na Kivinje, huko Ngarambe, alitokea Kinjeketile Ngwale, aliyezama katika dimbwi akashikwa na pepo Hongo, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu, akawapa watu maji ya kugeuza risasi. Hiyo nayo ni hoja, ile ya ishara na miujiza, na mara chache hoja imewahi kutiwa mizanini kwa ghali kama hiyo: vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilianza Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwa kung'olewa pamba huko Nandete, Kinjeketile akanyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, risasi hazikugeuka maji, na Kivinje hadi leo watu hutaja Mwembe Kinyonga, walipotundikwa wenzao, jina ambalo kwa msikilizaji aliyetoka kusikia kisa cha Wayao lina uchungu wa ziada. Mantiki ya darasani ingetaka watu wale waseme kwamba hapana Mungu. Wengine walisema miiko ilivunjwa, wengine kwamba mganga alidanganya, na mkosoaji ana haki ya kuuliza ni tukio gani basi lingeweza kuwashawishi vinginevyo. Nalikubali swali lake. Lakini naye na akubali kwamba mtu aliyesimama chini ya mwembe ule akasema "Mungu yupo" hakuwa anasema kwamba mambo ni mema. Alikuwa anamtaja shahidi, mbele ya watu waliotaka pasiwe na shahidi.

Mwenye dau alikuwa amekwisha kutweka tanga siku ile, akaniita mara ya pili, nikakunja suruali nikaingia majini. Nilipogeuka kutazama dikoni, foleni ilikuwa haijasogea. Karani alikuwa amelitundika tena lile kapu, na safari hii amerudi nyuma hatua moja, mikono yake yote miwili mgongoni, na akina mama wameinua nyuso kuusoma mshale. Kutoka chomboni sikuweza kuuona umesimama wapi.